Koleo Huvunjika, Uhunzi Hubaki

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi akivunjikiwa na koleo hutafuta jingine, na majembe huendelea kutoka katika kiwanda chake kama hapo kwanza. Methali hii ni kongwe kuliko sinema, walakini yafaa sana kutufumbulia fumbo moja la sinema. Iko mifululizo ya picha ambayo husitawi kwa miaka hamsini au mia, ingawa mchezaji wa nafasi kuu hubadilishwa mara nne, mara sita, hata mara kumi. Iko mingine ambayo hudhoofu mara tu mchezaji mmoja anapoondoka. Kwa nini mmoja uishi na mwingine ufe? Je, watu huenda kumtazama mtu, au huenda kutazama hadithi?

Msomaji, kama wewe ni mwanafunzi wa Kiamunyi, chini ya Menengai, kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Kabarak, huenda ukadhani kwamba jambo hili ni la watu wa mbali, la Hollywood na London, nawe ni mtazamaji tu. Si hivyo. Sehemu ya historia hii ilitendeka katika ardhi ya Kenya, na sehemu nyingine ilitendeka Naivasha, mahali ambapo gari likiondoka Nakuru asubuhi hufika kabla ya jua kuwa kali. Historia hii yakuhusu, na mwisho wake unangojea kuandikwa na watu wa rika lako.

Tuanze na neno moja la vijana. Katika Afrika ya Mashariki mchezaji wa nafasi kuu huitwa stelingi. Neno hili halikutoka katika vitabu vya sarufi. Lilienea katika majumba ya sinema na vibanda vya video, mahali ambapo picha za ng'ambo zilisimuliwa kwa lugha yetu na wasimulizi hodari kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania. Mtazamaji wa kibandani mara nyingi halijui jina ambalo mchezaji alipewa na wazazi wake, wala hajali kulijua. Alijualo ni kwamba stelingi hupigwa lakini huinuka, hufukuzwa lakini hafi kabla ya mwisho. Ukilitazama neno hili vizuri, utaona kwamba si jina la mtu bali ni jina la cheo, kama nahodha au mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akihamishwa, shule haifungwi. Huja mwingine, akaketi katika kiti kilekile, na kengele ikalia saa ileile. Basi swali letu laweza kuulizwa kwa njia nyingine: ni kitu gani hukifanya kiti cha stelingi kiwe imara hata kiweze kukaliwa na watu wengi mmoja baada ya mwingine?

Mfano wa kale ni ule wa Tarzan. Mtungaji wake, Mmarekani Edgar Rice Burroughs, alitoa hadithi ya kwanza katika gazeti mwaka wa 1912. Ni hadithi ya mtoto wa kabaila wa Kiingereza aliyelelewa na nyani katika misitu ya Afrika. Burroughs mwenyewe hakuikanyaga Afrika maishani mwake. Picha ya kwanza ilionyeshwa mwaka wa 1918, na aliyecheza Tarzan mtu mzima alikuwa Elmo Lincoln. Baada yake walipita wachezaji kadhaa ambao leo hawakumbukwi na wengi. Mwaka wa 1932 akaja Johnny Weissmuller, mwogeleaji aliyejipatia nishani 5 za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1924 na ya 1928. Yeye alicheza picha 12, hata mwaka wa 1948, na kwa watazamaji wengi jina la Tarzan na sura ya Weissmuller vilikuwa kitu kimoja.

Alipoondoka, hadithi haikuondoka naye. Mwaka wa 1949 Lex Barker aliketi katika kiti kile. Hapa yafaa tuangalie busara ya watengenezaji. Walimbadilisha mume, lakini hawakumbadilisha mke kwa wakati uleule. Brenda Joyce, ambaye alikuwa amecheza nafasi ya Jane pamoja na Weissmuller, alibaki akaicheza tena katika picha ya kwanza ya Barker. Mgeni alipokewa mlangoni na mwenyeji ambaye watazamaji walikuwa wakimjua, na mgeni aliyekaribishwa na mwenyeji haulizwi sana atokako. Barker alicheza picha 5. Akafuata Gordon Scott mwaka wa 1955, kisha Jock Mahoney mwaka wa 1962. Huyu Mahoney alikuwa amekwisha kucheza katika picha ya Tarzan ya mwaka wa 1960, lakini kama mwovu aliyepigana na Tarzan. Miaka miwili baadaye mwovu yule alikuwa ndiye Tarzan mwenyewe, na watazamaji hawakuvunja viti. Waliofahamu sura yake walifahamu pia kwamba cheo ni kimoja na mtu ni mwingine.

Sasa, msomaji, turudi katika nchi yetu. Picha nyingi za Tarzan za zamani zilipigwa Marekani, na misitu iliyoitwa Afrika ilikuwa misitu ya California au Florida. Mwaka wa 1958 mtengenezaji mmoja aliyeitwa Sy Weintraub alinunua haki ya kuendeleza picha hizo, akataka kuzitia damu mpya. Hadi hapo Tarzan wa sinema aghalabu alikuwa akisema maneno mawili matatu yaliyokatikakatika. Weintraub akamfanya aseme Kiingereza safi kama mtu aliyesoma, akamwondoa Jane, akawatuma wapiga picha wake Kenya. Hivyo mwaka wa 1959 ikatoka Tarzan's Greatest Adventure, na mwaka wa 1960 ikatoka Tarzan the Magnificent, na katika zote mbili mandhari ya Kenya yalionekana. Mchezaji wa nafasi kuu hakubadilishwa, maana alikuwa Gordon Scott yuleyule. Kilichobadilishwa ni mwenendo wa Tarzan. Twajifunza hapa kwamba kiti chaweza kutengenezwa upya hata kama mkaaji wake hajaondoka.

Lakini kumbuka mwaka wenyewe. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, nayo haikuondolewa hata Januari 1960. Katika mashamba ya walowezi yaliyozunguka Nakuru, maelfu ya wafanya kazi Wakikuyu na jamaa zao walikuwa wamefukuzwa, wakapelekwa katika sehemu zilizotengwa kwa ajili yao. Watu wengine walikuwa vizuizini. Katika Kenya ya namna hiyo ndimo mlimoingia wapiga picha kutafuta nyika nzuri, mito na wanyama, ili Mzungu mmoja aonekane kuwa mfalme wa msitu. Na Mwafrika alipewa nafasi gani katika picha za Tarzan? Aghalabu alikuwa mchukuzi wa mizigo, au mfuata nyayo, au mmoja katika kundi la watu wenye mikuki, bila jina na bila maneno yenye uzito. Basi angalia ajabu hii. Nafasi ya stelingi ilipita kutoka kwa mtu hata mtu, Lincoln, Weissmuller, Barker, Scott, Mahoney, na kila mmoja jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa. Nafasi ya mchukuzi nayo ilipita kutoka kwa mtu hata mtu, lakini hakuna aliyehesabu. Kumbe hata kusahauliwa ni kiti, nacho hurithiwa.

Katika picha ile ya mwaka wa 1959 alikuwamo kijana mmoja wa Scotland aliyecheza kama mmoja wa majambazi. Jina lake Sean Connery. Wakati huo hakuwa na sifa kubwa. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1962, picha ya Dr. No ilionyeshwa London kwa mara ya kwanza, na Connery ndiye aliyekuwa James Bond, mpelelezi namba 007 aliyebuniwa na mwandishi Ian Fleming katika riwaya ya mwaka wa 1953. Hivyo mfululizo mmoja uliozoea kubadilisha stelingi ulipitiwa na mtu ambaye angekuwa stelingi wa kwanza wa mfululizo mwingine wa namna hiyo.

Connery alicheza picha 5 mfululizo, kisha akaacha. Mwaka wa 1969 akaja George Lazenby, Mwaustralia aliyekuwa akipigwa picha za matangazo ya biashara, akacheza picha moja tu. Connery akarudi kwa picha moja ya mwaka wa 1971. Kisha Roger Moore akacheza picha 7, tangu mwaka wa 1973 hata 1985. Timothy Dalton akacheza 2, Pierce Brosnan 4, na Daniel Craig 5, ya mwisho ikiwa ya mwaka wa 2021. Jumla ni picha 25 na watu 6 katika muda wa karibu miaka 60. Katika muda huo madola yalianguka, makoloni yakawa nchi huru, na adui wa Bond akabadilika mara nyingi, lakini kiti hakikuvunjika.

Kwa nini hakikuvunjika? Mimi naona kwamba kiti cha stelingi, kama viti vingine, kina miguu minne.

Mguu wa kwanza ni alama. Bond ana namba yake, ana namna yake ya kutaja jina lake, ana muziki wake usikikao kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Tarzan ana ukelele wake na kamba za msituni. Alama hizi si mali ya uso wa mtu yeyote. Mtu mpya akizivaa hutambulikana hata gizani, kama vile askari atambulikanavyo kwa sare kabla hajajulikana kwa jina. Lakini mhusika ambaye alama yake pekee ni kicheko cha mchezaji fulani, au macho ya mchezaji fulani, hawezi kurithiwa, maana kicheko huzikwa pamoja na mwenyewe.

Mguu wa pili ni wenyeji. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na katika kiwanda cha Bond walikuwamo wavukutaji waaminifu. Bernard Lee alicheza mkuu wa wapelelezi tangu mwaka wa 1962 hata 1979. Lois Maxwell alicheza karani wake, Bi Moneypenny, tangu mwaka wa 1962 hata 1985. Desmond Llewelyn, fundi wa silaha na vyombo vya ajabu, aliingia mwaka wa 1963 akaonekana katika picha 17, ya mwisho ikiwa ya mwaka wa 1999. Mzee huyu alionekana pamoja na Bond watano, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi alimkemea Bond kwa kuviharibu vyombo vyake. Mtazamaji aliyekuwa na shaka juu ya Bond mpya alimwona mzee akimkemea, akajiambia kwamba kama mzee amemtambua, naye atamtambua. Nao walipokuja kubadilishwa wenyeji, hawakubadilishwa wote pamoja. Judi Dench aliingia pamoja na Brosnan kama mkuu wa wapelelezi, akabaki kumkaribisha Craig.

Mguu wa tatu ni mlinzi. Hadithi isiyo na mlinzi ni kama shamba lisilo na ua. Burroughs alilitambua hilo mapema, na mwaka wa 1923 aliunda kampuni ya kutunza haki za maandiko yake, akiipa jina lake mwenyewe. Picha za Bond zilitunzwa na kampuni ya Eon, iliyoundwa mwaka wa 1961 na Albert Broccoli na Harry Saltzman. Baadaye kazi ilishikwa na binti yake Broccoli, Barbara, pamoja na mwanawe wa kambo, Michael Wilson, hata mwaka wa 2025 walipokubali kuliachia shirika la Amazon uamuzi wa mambo ya sanaa. Wachezaji sita walipita, lakini kwa zaidi ya miaka 60 walinzi walikuwa nyumba moja. Wao ndio waliojua nini chaweza kubadilishwa na nini kisiguswe.

Mguu wa nne ni uhuru wa mrithi. Nguo ya kuazima haisitiri. Roger Moore hakulazimishwa kutembea kama Connery, alikuja na mzaha na tabasamu. Craig hakulazimishwa kutabasamu kama Moore, alikuja na majeraha na huzuni. Mrithi anayeamriwa kumwiga marehemu hulinganishwa naye kila dakika, naye hushindwa, kwa sababu hakuna awezaye kuwa mtu mwingine vizuri kuliko mtu huyo mwenyewe. Mrithi anayeheshimu alama lakini akaja na mwendo wake huwapa watazamaji sababu mpya ya kuja.

Sasa tuipime kanuni hii kwa mifano miwili iliyo karibu na Kiamunyi. Ukishuka Naivasha na kuzunguka upande wa kusini wa ziwa, utafika Elsamere, nyumba aliyokaa Joy Adamson, mwandishi wa kitabu cha mwaka wa 1960 kuhusu Elsa, simba jike aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini. Picha ya Born Free, iliyopigwa Kenya na kuonyeshwa mwaka wa 1966, ilipendwa sana duniani. Joy na mumewe George walichezwa na Virginia McKenna na Bill Travers, ambao walikuwa mume na mke kwa kweli. Elsa alichezwa na simba kadhaa, na watazamaji hawakulalamika. Mwaka wa 1972 ikatoka picha ya pili, Living Free, na wachezaji wakuu wakawa Susan Hampshire na Nigel Davenport. Mwaka wa 1974 vikatengenezwa vipindi vya televisheni pamoja na wachezaji wengine tena, vikakoma baada ya vipindi 13. Mfululizo huu haukufikia sifa ya picha ya kwanza.

Tazama miguu ya kiti hiki. Alama ilikuwa moja tu, yaani Elsa, na Elsa wa kweli alikufa mwaka wa 1961, na kifo chake kimo katika picha ile ya pili. Mwenyeji wa kuwapokea wageni hakuwako, maana mume na mke walibadilishwa kwa pamoja. Wala hadithi haikuwa ya cheo, bali ya watu wawili wa kweli na mnyama mmoja wa kweli, na maisha ya kweli yana mwisho wake. Si kosa la wachezaji wa pili. Waliwekwa juu ya kiti chenye miguu pungufu, wakaombwa wasianguke.

Mfano wa pili uko hatua chache kutoka hapo, katika mbuga ya Hell's Gate, yenye miamba mirefu na mvuke utokao ardhini. Huko zilipigwa baadhi ya sehemu za picha ya mwaka wa 2003 ya Lara Croft, mwanamke mtafuta hazina aliyebuniwa kwanza katika mchezo wa kompyuta mwaka wa 1996. Mchezaji alikuwa Angelina Jolie, aliyekuwa ameicheza nafasi hiyo mwaka wa 2001. Picha ya pili iliingiza fedha kidogo kuliko ya kwanza, ingawa mchezaji alikuwa yuleyule. Mwaka wa 2018 nafasi ikapewa Alicia Vikander, na picha yake iliingiza fedha nyingi duniani kuliko ile ya 2003. Hata hivyo picha iliyokusudiwa kumfuata haikutengenezwa, kwa kuwa kampuni iliyokuwa na haki ya hadithi iliipoteza haki hiyo mwaka wa 2022. Twaona mambo mawili. Kumbakiza mchezaji hakuokoi mfululizo uliochoka, na kumbadilisha hakuuangamizi. Ulioukata mfululizo huu ni ule mguu wa tatu, mguu wa mlinzi.

Lakini, msomaji, usije ukafikiri kwamba kila kiti chapasa kujazwa upesi. Mwaka wa 2018 ilitoka picha ya Black Panther, ambayo Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alicheza nafasi ya Nakia. Mchezaji mkuu, Chadwick Boseman, alikufa kwa maradhi ya saratani mwezi wa Agosti 2020. Baadhi ya watazamaji walidai mtu mwingine apewe nafasi ya Mfalme T'Challa, wakisema kwamba mfalme Mwafrika mwenye hekima asizikwe pamoja na mchezaji wake, ili watoto wasimkose. Watengenezaji walikataa. Katika picha ya mwaka wa 2022 mfalme alikufa, watu wakamlilia, na vazi la chui likavaliwa na dada yake, Shuri. Picha hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 850. Hapa cheo kilirithiwa lakini mtu hakuigizwa, na kilio kilipewa nafasi yake kabla ya urithi. Katika mila zetu nyingi ndivyo ilivyo pia: matanga hutangulia, ndipo mrithi huonyeshwa watu. Hata hivyo wale waliodai mrithi nao walikuwa na hoja ya kweli. Bond aliruhusiwa kuwa na nyuso sita. Kwa nini mfalme Mwafrika awe na uso mmoja tu?

Swali hilo latuleta nyumbani. Wakenya wa vizazi viwili walicheka pamoja na Mzee Ojwang katika mchezo wa televisheni wa Vitimbi. Jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, lakini njiani aliitwa Ojwang, na alipokufa mwezi wa Julai 2015 nchi ilimlilia Ojwang. Tanzania ilikuwa na Amri Athumani wa Tanga, aliyeitwa Mzee Majuto, akafa Agosti 2018. Mafundi hawa walijaza viti vyao hata mtu asiweze kuona mwisho wa mtu na mwanzo wa kiti. Hiyo ni sifa kubwa kwao. Lakini kwa sisi tuliobaki ni onyo. Sauti, kofia, mwendo, maneno ya papo kwa papo, vyote vilikuwa ndani ya mwili mmoja. Fundi kama huyo akiondoka, kiwanda hakibakiwi na mvukuto wala fuawe. Tumezoea kuwazika mafundi wetu pamoja na vyombo vyao, kisha tukanunua majembe kwa watu wengine.

Wala si kweli kwamba sisi hatujui kurithishana hadithi. Sungura wa ngano amesimuliwa na mabibi wasiohesabika, kila mmoja kwa sauti yake, naye hajazeeka. Abunuwasi alivuka bahari kutoka Uarabuni, akapata wasimulizi wapya pwani na bara, naye akaendelea kuwa mjanja. Mwaka wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, juu ya vita vya Majimaji vya mwaka wa 1905 hata 1907. Tangu hapo nafasi ya Kinjeketile imechezwa na watu wengi, wakubwa kwa wanafunzi, nayo haijaisha, kwa sababu mtungaji aliiandika, akaipa alama zake, akaweka ndani yake wazo lililo kubwa kuliko mwili wa mchezaji yeyote. Kila shule ifanyapo mchezo wa kuigiza hufanya jambo lilelile ambalo walinzi wa Bond walilifanya: kidato cha nne huondoka, kijana wa kidato cha pili huvaa joho, na pazia hufunguliwa.

Kwa hiyo, utakaposikia rafiki zako wakishindana nani atakuwa stelingi mpya wa picha fulani, shindana nao ukipenda, maana ni mazungumzo matamu. Lakini waulize pia swali lililo chini ya hilo. Hadithi ni ya nani? Nani ameiandika, nani anailinda, na nani atabaki mlangoni kumkaribisha mgeni? Mwaka wa 1959 nchi yetu ilitoa nyika na mito, na mwaka wa 2003 ikatoa miamba ya Hell's Gate. Hivyo vilikuwa makaa ya moto wa watu wengine, na makaa yakiisha kuungua hufagiliwa. Mwenye kiwanda ndiye aamuaye koleo lipi litupwe, na jembe litakalotoka liwe la namna gani. Anayetaka hadithi zake ziishi baada yake, na ahesabu miguu ya kiti mapema, kabla mkaaji wake wa kwanza hajainuka.